Mfugaji wa miaka 24 na kasuku aliyejinyonyoa: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kinamhusu kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, umri wake miaka 14, ambaye wenyewe wanamwita Kito. Mwenye naye ni mzee mmoja aliyefuga kasuku kwa miaka 24, na miongoni mwa wafugaji wa ndege hawa ni mtu anayeheshimika. Wanaoanza humpigia simu kumuuliza, na wengi amewafaa kweli. Kito alianza kujinyonyoa manyoya ya kidari na mapaja. Kwa miezi minane mzee alifanya kila alichokijua, na hali ikazidi kuharibika. Kazi yangu ni kuwatembelea watu ambao ndege wao wamebadilika tabia, na aliponipigia maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Mwanangu, mimi si mgeni wa kasuku, usinianzishie alifu kwa ujiti."

Nakiandika kwa ruhusa yao, nikiacha nje chochote kinachoweza kuwatambulisha, kwa sababu nimechoka kuona uzoefu wa kasuku ukihesabiwa kwa miaka peke yake. Mzee huyu uzoefu alikuwa nao, tena wa kweli. Nataka kuonyesha ulimfikisha wapi, na ulimwacha wapi.

Siku ya kwanza nilimtazama Kito kwa mbali, kwa muda mrefu, kabla sijasogelea tundu. Kichwa chake kilikuwa kizuri mno. Manyoya ya utosi, mashavu na kisogo yalikuwa yamejaa na kulala vizuri. Chini ya shingo mambo yalikuwa mengine: kidari kimebaki ngozi tupu yenye vishungi vichache vya manyoya laini ya ndani, mapaja yako wazi, na chini ya mabawa kuna manyoya yaliyotafunwa nusu, vishina vimebaki vimesimama.

Hiyo alama ya kichwa ndiyo ya kwanza kutafutwa, kwa kuwa mdomo wa ndege haufiki kichwani pake. Kasuku aliyenyonyoka hadi kichwani ama ananyonyolewa na mwenzake, ama manyoya yanadondoka yenyewe kwa maradhi, na hapo mtu hana budi kuwaza mapema virusi vinavyoharibu manyoya na mdomo wa kasuku. Kichwa kizima juu ya mwili mtupu ni kazi ya mdomo wake mwenyewe. Lakini alama hiyo inakuambia nani ananyonyoa, haikuambii kwa nini. Wengi huteleza papo hapo. Wakishajua ni ndege mwenyewe wanasema "hiyo ni tabia tu", na baada ya hapo daktari hakumbukwi tena. Kumbe ndege huweza kujinyonyoa kwa sababu ngozi inamwasha, ini linaumwa, kuna fangasi kwenye vifuko vya hewa na maumivu yapo chini ya ngozi ile ile anayoiparua, au ameguguna zinki ya waya za tundu. Huweza pia kujinyonyoa kwa hewa kavu, kwa kukosa usingizi, kwa kukaa bila kazi, kwa hofu, kwa homoni. Mara nyingi sababu ni mbili tatu zilizoshikana, na ukitoa moja tu huoni mabadiliko, unaishia kudhani hukuwa kwenye njia sahihi.

Mzee maelezo yake alikuwa nayo tayari. Kito ana upweke na wivu, alisema. Kabla yake alikuwa na kasuku wa Amazon, wa kijani, aliyeishi naye miaka 20. Ndege yule alijinyonyoa mara moja tu, walipohama nyumba, na mzee alimponya kwa kukaa naye muda mwingi zaidi. Alipokufa, miaka minne kabla ya kisa hiki, mapenzi yote yakahamia kwa Kito. Kito alipoanza kung'oa manyoya, mzee akarudia dawa iliyomponya wa kwanza, na kuiongeza kipimo.

Hebu tuitazame dawa yenyewe. Jioni Kito alikaa mapajani kwa mzee akipapaswa kuanzia shingoni hadi mkiani, mkono ukipita chini ya mabawa. Alikuwa anakubali sana, anatulia, anahema. Mara nyingine alimtapikia mzee chakula mkononi, na mzee alinieleza hilo kwa fahari, kama ishara ya jinsi ndege anavyompenda. Taa za sebuleni ziliwaka hadi mzee mwenyewe alipokwenda kulala, saa 5 usiku, na alfajiri Kito alikuwa macho tena. Chini ya kochi palikuwa na boksi lililojaa karatasi alizozichana mwenyewe. "Anapapenda pale, ni chumba chake," mzee alisema. Bakuli lilikuwa na alizeti, karibu tupu ya kitu kingine. Na kijiti chake cha kusimamia kiliwekwa kando ya dirisha la kioo ili apate jua la asubuhi.

Nilipokuwa nauliza kuhusu kinyesi, mzee alijibu kwa neno moja, kwamba kiko sawa. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Yeye ndiye anayebadilisha gazeti la chini ya tundu kila siku.

"Hakiko sawa," alisema. "Cha asubuhi siku hizi ni rundo moja kubwa, halafu kina harufu. Zamani hakikuwa hivyo."

"Hayo ni mambo ya usafi tu," mzee akasema.

"Mama, kilibadilika lini?" nikamuuliza.

Akafikiri. Kilibadilika kabla ya manyoya, kama mwezi hivi. Na tangu wakati huo huo, akaongeza, ndege akiingia chini ya kochi hatoki, na mtu akisogea anarukiwa. Alinyoosha mkono. Kati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa na kovu jipya, lenye umbo la mdomo wa juu na wa chini.

Kwangu kisa kiligeukia hapo. Kinyesi cha ndege kina sehemu tatu, haja yenyewe, uchafu mweupe wa figo, na maji, na anayekiona kila siku hujua mabadiliko kabla ya mtu mwingine yeyote. Ndege ni mnyama wa kuwindwa. Akiugua huficha hadi nguvu zimwishie, na ndiyo maana asubuhi moja wenyewe huamka na kusema "jana alikuwa mzima". Kinyesi hakijui kuficha. Rundo kubwa la asubuhi lina maelezo kadhaa, na moja ni kwamba ndege jike aliyeingia katika hali ya kutaga huzuia haja kwa saa nyingi, kama anavyofanya anayekalia kiota.

Nikauliza wanajuaje Kito ni dume. Mzee alisema aliambiwa hivyo tangu mwanzo, tena anaongea sana. Kasuku wa kijivu dume na jike wanafanana kiasi kwamba jicho la mtu halitoshi kuwatenganisha, na kuongea hakuonyeshi jinsia. Hujulikana kwa kipimo cha vinasaba, kwa tone la damu au nyoya lililong'olewa.

Sikuwapa ushauri wowote wa tabia siku ile. Niliwaomba waende kwa daktari anayetibu ndege, na kwa hili nina msimamo: mwili hukaguliwa kwanza, hata pale ambapo sababu ya kitabia inaonekana wazi. Mzee hakufurahi. Miezi minane alikuwa ameshinda bila daktari, kwa kuwa Amazon wake alipona bila daktari.

Daktari alichukua damu kwenye mshipa wa shingo upande wa kulia, ambao kwa ndege wengi ndio mpana zaidi, akapiga eksirei na kupima virusi. Virusi havikuwepo. Risasi na zinki hazikuwepo. Ini lilikuwa sawa. Kalsiamu ya kwenye damu ilikuwa chini ya inavyotakiwa. Eksirei haikuonyesha yai wala uvimbe, ila mifupa mirefu ya miguu na mabawa ilionekana myeupe na mizito kuliko kawaida, kwa sababu jike anayejiandaa kutaga hulimbikiza kalsiamu ndani ya mifupa, akiba ya kutengenezea maganda. Majibu ya vinasaba yalipofika yalithibitisha kwamba Kito ni jike.

"Miaka 14 namwita baba," mzee alisema, akanyamaza.

Sasa rudi kwenye dawa yake uisome upya. Porini kasuku hawa hutaga ndani ya mashimo ya miti. Shimo lenye giza, kitu cha kuchana, chakula kingi chenye mafuta, mchana mrefu, na mwenzi anayegusa mgongo na chini ya mabawa: hivyo ndivyo mwili wa jike unavyoambiwa kwamba msimu umefika. Kochi lilikuwa shimo. Taa zilirefusha mchana. Alizeti ilileta mafuta. Mkono wa mzee ulikuwa mwenzi, na kule kutapika chakula ni kitu ambacho kasuku humfanyia mwenzi wake. Mwili uliambiwa haya kila siku kwa miezi, bila mwenzi wa kweli wala kiota cha kweli, na msisimko wa uzazi usiofika popote ni miongoni mwa mambo yanayojulikana kuwafanya kasuku wajinyonyoe. Kila mzee alipoona manyoya mapya sakafuni, alizidisha kumpapasa.

Kalsiamu ilikuwa jambo la pili, lililofungamana na hilo. Alizeti ina mafuta mengi, kalsiamu kidogo, na vitamini A karibu haipo. Kasuku wa kijivu wanajulikana kwa kupungukiwa na kalsiamu kuliko jamii nyingine nyingi za kasuku, na ikishuka sana hutetemeka, hudondoka kijitini, hupata degedege. Vitamini D inayousaidia mwili kuitumia kalsiamu hutengenezwa kwa mionzi ya urujuanimno iliyomo kwenye jua. Kioo cha kawaida cha dirisha huizuia karibu yote. Kito alikuwa ameota jua la asubuhi kwa miaka, joto lake na mwanga wake, bila kupata kile alichowekewa pale akipate.

Lishe ilibidi ibadilishwe, na hapo mzee alitaka iwe siku hiyo hiyo. Amazon wake alimgeuza kwa wiki moja. Kasuku aliyelelewa kwa mbegu anaweza asitambue kabisa kwamba kitu kingine ni chakula, akakaa na njaa mbele ya bakuli lililojaa, huku akichezea chembe kwa mdomo ili aonekane anakula. Njia salama ni mizani. Tuliweka kijiti kidogo juu ya mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na Kito akapimwa kila asubuhi baada ya haja ya kwanza na kabla ya kula. Siku ya kwanza alikuwa na gramu 482. Tulikubaliana kwamba akipoteza gramu 20 tunapunguza mwendo, na asifikie kabisa kupoteza sehemu ya kumi ya uzito wake. Mzee alikuwa hajawahi kumpima katika miaka yote 14. Daftari alilichukua mkewe, na nilishukuru moyoni, maana nilikuwa nimeona anavyokumbuka.

Chembe za chakula maalumu cha kasuku zililoweshwa kidogo na kuchanganywa na mbegu, mbegu zikipunguzwa kijiko kwa kijiko. Mboga za majani yenye kijani kizito na karoti zilikatwa kila siku kwa umbo tofauti. Kilichosaidia zaidi ni wao wawili kukaa mbele yake na kula karoti ile ile kwa raha. Kasuku hula pamoja na kundi lake, na analokula mwenzake hulidadisi. Kalsiamu ya matone alipewa kwa kipimo cha daktari.

Wiki ya tatu daftari likaonyesha jambo la ajabu. Gramu 479, 481, halafu 490, halafu 499, huku chakula anachokula kimepungua. Mzee alifurahi: lishe imemkubali, ananenepa. Mkewe hakufurahi. Alinipigia simu akasema, "Tumbo limeshuka, na amekaa miguu imeachana." Nikamwambia asisubiri, wampigie daktari wakati ule ule.

Asubuhi iliyofuata Kito alikuwa sakafuni mwa tundu, manyoya yaliyobaki yamevimba, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Hiyo ni hali ya hatari, ya saa, haingojei kesho. Yai limekwama. Misuli inayolisukuma hutegemea kalsiamu, na kalsiamu ndiyo aliyokuwa nayo kidogo. Mzee hapa alionyesha thamani yake yote. Hakumkandamiza tumbo, kosa linaloweza kulipasua yai ndani. Alimfunga kwa taulo bila kubana kidari, kwa sababu anajua ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu, kidari kikizuiwa kutanuka pumzi hukatika ingawa pua ziko wazi. Akapasha joto kisanduku, akaendesha gari taratibu. Daktari alimpa joto lenye unyevu, maji na sindano ya kalsiamu. Alasiri yai likatoka, ganda lake jembamba, lina mikwaruzo.

Waliporudi nyumbani mzee alitaka kulitupa yai. Ndivyo karibu kila mtu anavyowaza, na nilimzuia. Jike akinyang'anywa yai mapema anaweza kutaga jingine kulijazia nafasi, na jingine, na kila ganda linakatwa kutoka kwenye mifupa yake. Tukaliacha. Baada ya siku tatu akataga la pili, gumu na lisilo na mikwaruzo, kwa kuwa sasa kalsiamu ilikuwepo, kisha akaacha. Aliyalalia mayai mawili yasiyo na kitu kwa karibu wiki nne, muda ambao kasuku wa kijivu huatamia, halafu siku moja akayapita akaenda kwenye bakuli na hakurudi. Ndipo yalipoondolewa. Wiki nne zile zilikuwa ngumu kwa mzee. Alinipigia zaidi ya mara moja kuuliza kama si ukatili kumwacha ahangaikie yai lisilo na kifaranga. Ninaheshimu swali lile. Nilimjibu kwamba kuatamia hadi mwisho kunaufungia mwili mlango, na kunyang'anywa kunauacha wazi.

Kingine chote kilikuwa kuondoa yale yaliyouita msimu. Boksi lilitoka, kochi likazibwa chini kwa mbao. Kito alihamishiwa usiku kwenye chumba chenye giza na kimya, saa 12 kamili za kulala. Aliwekewa taa maalumu ya mionzi ya urujuanimno, kwa umbali na muda aliousema daktari. Alinyunyiziwa maji kila siku, kwa kuwa kasuku wa kijivu hutoa unga mwingi kwenye manyoya na ngozi kavu humkera. Daktari alitaja pia sindano ya kuzuia homoni, tukakubaliana iwekwe akiba.

Lililomuuma mzee kuliko yote ni la kumgusa. Nilimwambia mkono uishie kichwani na shingoni.

"Nisimpapase? Basi mimi ni nani kwake?"

Sikuona swali hilo kuwa dogo. Mtu aliyepoteza ndege wa miaka 20 na kubakiwa na huyu mmoja, ukimwondolea mkono wake juu ya mgongo wa ndege, unamwondolea jioni zake. Kwa hiyo tulizijaza kwa kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa kazi. Porini kasuku hutumia sehemu kubwa ya siku kutafuta chakula, kukipasua, kukimenya. Ndani ya tundu bakuli humalizwa kwa dakika chache, na mdomo ule wenye nguvu unabaki na saa zote bila kazi. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha majaribio yao kwa kasuku wachanga wa Amazon: waliopewa vitu vya kuhangaikia na chakula cha kutafuta walijinyonyoa kidogo kuliko walioishi kwenye matundu matupu, na waliokuwa wameanza walipata nafuu. Na akili ya kasuku wa kijivu ni pana. Alex, aliyenunuliwa na mtafiti Irene Pepperberg mwaka 1977 na kufa mwaka 2007, alitaja vitu zaidi ya 50, rangi 7, na idadi hadi 6. Akili ya namna hiyo ukiifungia na bakuli na dirisha, itatafuta shughuli, na shughuli iliyo karibu kuliko zote ni manyoya yake yenyewe.

Mzee alianza kufunga chembe ndani ya karatasi, karatasi ndani ya kasha la mbao, kasha juu ya kamba. Ana mikono mizuri. Kila jioni hutengeneza fumbo jipya, na Kito hulipasua akiwa amening'inia kwa mguu mmoja, vidole viwili mbele na viwili nyuma vimeikamata kamba. Wakaanza pia kufundishana: kijiti, Kito akiguse kwa mdomo, apate kipande cha lozi. Lozi na alizeti zikawa malipo ya kazi, zikaacha kuwa mlo.

Kuhusu kung'atwa kwa mama, mzee kwa miaka mingi alimwambia, "Usimwonyeshe woga, ajue nani mkubwa." Ushauri huo ni wa kale na haufai. Kito hakuwa anagombea ukubwa. Alikuwa analinda kiota na mwenzi. Zaidi ya hapo, alikuwa anatoa onyo kila mara: mboni zinabana na kupanuka haraka, manyoya ya kisogo yanasimama, mkia unafunguka. Mama aliyaona yote, na kila mara aliagizwa ayapuuze na kusogeza mkono. Ndege ambaye onyo lake halisikilizwi huacha kuonya akaingia moja kwa moja kwenye kung'ata. Tulilibadilisha: akiona dalili anarudi hatua moja, hapo hapo, bila kelele. Akipita karibu na tundu anadondosha kipande cha lozi bakulini na kuendelea na safari yake. Ilichukua wiki kadhaa Kito akapokea lozi kwenye vidole. Mwezi wa tano akapanda mkononi kwa mama, mwenyewe, bila kuitwa. Nilikuwepo siku hiyo. Mama hakusema kitu, alisimama tu amenyoosha mkono wenye kovu.

Imepita miezi 14 tangu nilipofika mara ya kwanza. Mapaja yamefunikwa. Chini ya mabawa kumejaa. Kalsiamu iko mahali pake na uzito unacheza kati ya gramu 475 na 485. Kidarini kuna eneo la ukubwa wa sarafu kubwa ambalo halijaota, na huenda lisiote kamwe, kwa sababu vinyweleo vikiharibiwa mara nyingi hufa. Wageni wakija huuliza ndege ana nini, na mzee bado anaumia. Mimi sikihesabu kipara kile kuwa ni kushindwa. Ndege analala, anakula, anafanya kazi, na ameacha kung'oa. Kupima afya ya kasuku kwa uzuri wa kidari chake ndiko kulikomfanya mzee aangalie manyoya kwa miezi minane badala ya kuangalia bakuli, taa na kochi.

Mzee hakuwa mfugaji wa kubahatisha, na sitaki msomaji aelewe hivyo. Nyumbani kwake hakuna sufuria yenye utando usioshika chakula, kwa kuwa anajua utando ule ukiungua moshi wake huua ndege kwa dakika chache, hata aliye chumba kingine. Parachichi haliingii karibu na tundu. Kumshika ndege anajua kuliko wengi niliowaona. Yote hayo ni maarifa ya kasuku kwa jumla, nayo yalimwokoa Kito siku ya yai. Lililokosekana ni kumchukua huyu mmoja kama mtu asiyemjua. Alikuwa na jibu kabla ya swali, na jibu lile lilikuwa la ndege mwingine, wa jamii nyingine, dume, aliyepona kwa sababu nyingine. Tena lilikuwa jibu tamu, ananyonyoka kwa sababu ananipenda mno, na jibu tamu hakuna anayelipeleka kwa daktari. Mkewe, ambaye hakuna aliyewahi kumpigia simu kumuuliza habari za kasuku, hakuwa na jibu lolote. Alikuwa na alichokiona kila asubuhi, na tarehe zake.

Nikimpata mfugaji anayejiita mzoefu, siku hizi namuuliza ndege wake alikuwa na gramu ngapi wiki hii, analala saa ngapi, na mara ya mwisho alibadilisha mawazo lini kuhusu ndege huyo. La tatu ndilo linalonieleza zaidi.

Lipo la mwisho ambalo wao wenyewe walilileta. Mzee ana miaka 68. Kasuku wa kijivu anayetunzwa vizuri huishi miaka 40, na wengine hufika 60. Hesabu hiyo inajulikana kwa kila mfugaji na hufanywa na wachache. Wamekubaliana na mpwa wao awe mrithi wa Kito, na wamelitia hilo kwenye maandishi pamoja na nyaraka zake za asili na namba ya pete ya mguuni inayoonyesha alianguliwa kwa wafugaji. Nyaraka hizo zina uzito: tangu Januari 2, 2017 kasuku wa kijivu yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, baada ya biashara ya kuwakamata kuwapunguza sana misituni, na ndege asiye na asili inayojulikana humletea mrithi matatizo. Mpwa huja kila mwisho wa wiki. Kwanza alikaa tu chumbani akisoma, mbali na tundu. Sasa anampima Kito mwenyewe siku anazokuja, na katika daftari kuna mwandiko wa watu watatu, kwa kuwa mzee naye ameanza kuandika. Msimu ujao wa homoni haujafika. Ukija, daktari ameshasema uzito ukipanda gramu 10 kwa siku mbili apigiwe simu usiku ule ule.